Kwa Baniani, Kibakwe

Gulwe msafiri anakutana na reli mbili. Ya zamani ni ile nyembamba ya Mjerumani, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Mpya ni SGR, juu ya tuta lake refu la kokoto, ambayo tangu mwaka 2024 inapitisha treni za umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Hapo hapo kuna Kinyasungwe, mto ambao kiangazi ni mchanga mtupu na masika hubomoa reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe mpaka safari za bara zinasimama. Sisi tulipita mchana wa kiangazi, ndani ya Noah iliyojaa watu, ndoo za rangi na vifaranga kwenye maboksi.

Wenzangu walikuwa wakibishana bei ya karanga. Mimi nilikuwa na mabwana stesheni kichwani. Wakati wa Mwingereza vituo vingi vya reli hii vilishikwa na Wahindi: makarani, wakata tiketi, Singasinga wa karakana. Nyuma ya watu wa reli walikuja wenye maduka, walioshusha mizigo stesheni kisha wakaipandisha milimani, mahali ambapo hapakuwa na serikali ya kuonekana wala hospitali wala taa. Nilikuwa nakwenda Kibakwe kutafuta habari za mmoja wao.

Niseme wazi kwa nini. Desemba 2019 Bunge la India lilipitisha sheria ya uraia inayowafupishia njia wahamiaji waliotoka Pakistan, Bangladesh na Afghanistan na kuingia India kabla ya mwaka 2014 kwisha, mradi wawe Wahindu, Singasinga, Wabudha, Wajaini, Waparsi au Wakristo. Mwislamu hayumo. Kanuni za kuitekeleza zilitangazwa Machi 2024, wiki chache baada ya Waziri Mkuu Narendra Modi kuongoza ibada ya kufungua hekalu la Ram pale Ayodhya, kwenye kiwanja uliposimama Msikiti wa Babri kabla haujabomolewa tarehe 6 Desemba 1992. Wengi huku kwetu huyaona mambo hayo kuwa ya mbali. Mimi siyaoni hivyo. Nchi hii iliwahi kujiuliza swali lile lile, nani awe raia na kwa kigezo gani, na Wahindu walikuwa miongoni mwa waliokaa wakisubiri jibu.

Usiku wa kuamkia safari hiyo ya Kibakwe nililala Mpwapwa. Mji ule ni wa zamani kuliko reli. Misafara ya pembe iliyotoka Bagamoyo ilipumzika hapo, ikajaza maji, kisha ikaingia Marenga Mkali, nyika isiyo na kisima, kabla ya kufika Ugogo na kulipa hongo kwa watemi. Hongo ililipwa kwa nguo na shanga, na ndani ya robota hizo mlikuwa na kaniki, kitambaa cha nili kutoka India. Fedha ya kuandaa misafara nayo ilikuwa na mkono wa India. Kwa muda mrefu katika karne ya 19, forodha ya Zanzibar ilikodishwa kwa kampuni ya Jairam Shivji, Mbhatia kutoka Kutch, Mhindu wa kushika dini. Wakala wake Ladha Damji ndiye ambaye wazungu wengi wa kuvumbua bara walimpitia kabla ya kuvuka kwenda Bagamoyo. Mabaniani hao wa mwanzo hawakuja na wake zao, maana kwa desturi yao kuvuka bahari kulimtia mtu unajisi. Walikula chakula chao peke yao, wakahesabu faida yao, na siku moja walirudi kwao. Fedha yao ilinunua pembe, na ilipita pia kwenye biashara ya watumwa. Hilo halifutiki, hata nikiwa na la kuwatetea wajukuu zao.

Kwa hiyo Mhindu alikuwa ameshafika Mpwapwa kwa nguo na kwa deni kabla hajafika kwa miguu yake.

Kutoka Gulwe barabara ni ya vumbi, mibuyu huku na huku, na mbele milima ya Rubeho inazidi kukua. Kibakwe iko bondeni. Sokoni kuna karanga, vitunguu na mahindi, na viazi na maharage yanayoshuka kutoka Wotta, juu kwenye baridi. Watu wake ni Wagogo, Wahehe, Wakaguru na Wasagara waliochanganyika kwa ndoa na kwa mashamba, hata ukimwuliza mtu kabila lake anaanza na la mama, anamalizia na la bibi.

Mama mwenye mgahawa, aliyenipa ugali wa uwele na mlenda, alisikia ninachotafuta akamtuma mwanawe anipeleke kwa babu mmoja nyuma ya ghala. "Huyo ndiye waliyekuwa wakimtuma dukani kwa Baniani," alisema.

Nilimkuta kwenye kigoda, anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu. Wa nyumbani hawajambo?"

Hatukuanza na Baniani. Tulianza na mvua, na njaa, na mpini wenyewe. Ni baada ya hapo aliponyanyuka, akashika fimbo yake, akaniongoza mpaka kwenye nyumba ambayo leo watu wanaweka magunia. Kuta ni za tofali mbichi zilizopakwa saruji, mlango wa mbao wa mabawa mawili, baraza ya saruji iliyopasuka. Ndani, ukutani upande wa kushoto, kuna shubaka dogo la ukubwa wa viganja viwili. Juu yake saruji ni nyeusi. Babu aliweka kidole hapo, akanionyesha.

"Hapa palikuwa pa taa yake. Jioni, kabla ya kufunga, anaweka pamba kwenye kibakuli cha shaba, anatia samli, anawasha. Ukimkuta anawasha, unasubiri. Hata kama umetumwa chumvi, unasubiri."

Nilikipitisha kidole changu kwenye ule weusi. Haukutoka. Moshi wa samli unaingia ukutani ukabaki.

Duka lilikuwa na chumvi, mafuta ya taa, majembe, kaniki, shanga, viberiti na sukari. Yeye alinunua karanga, nyonyo, nta, asali, ngozi na samli. Alisema Kigogo vizuri kuliko watumishi wa serikali. Hakula nyama wala yai, na watoto wa kijiji walilijua hilo, wakawa wanapita mbali na baraza wakibeba kuku wa kuchinjwa. Mizani yake ililalamikiwa. Watu waliamini jiwe lake la kununulia lilikuwa zito kuliko la kuuzia, na babu hakuwa na nia ya kumsafisha. Lakini mwaka wa njaa alikopesha uwele, akaandika kwenye daftari lake kwa herufi ambazo hakuna mwingine aliyezijua, na mwaka uliofuata alidai alichokopesha, hakuongeza. "Hilo nalo liandike," babu aliniambia. Nimeliandika.

Kisha akanisimulia habari ya mama yake Baniani.

Bibi huyo aliletwa kutoka kwao akiwa mzee, na miaka michache kabla ya Uhuru akafariki hapo hapo dukani. Kibakwe haikuwa na Baniani mwingine. Mwana alitoka nje, akasimama barazani, akawaambia jirani zake kwamba kwa mila yao mama hazikwi, anachomwa, naye hana mtu wa kumsaidia. Wazee wakakaa. Baadhi walisema ni mkosi kumchoma binadamu. Baba yake babu, ambaye alikuwa na deni dukani, akasema mtu akifiwa haulizwi mila yake, anasaidiwa. Vijana wakatumwa porini kukata kuni kavu. Babu mwenyewe alibeba mzigo mmoja kichwani mpaka kwenye mchanga wa korongo, nje ya makazi.

"Tulidhani atalia," alisema. "Hakulia. Alivaa nguo nyeupe, akabeba mtungi wa maji begani, akazunguka kuni, mtungi ukivuja. Mwisho akauachia nyuma yake, ukavunjika, hakugeuka kuutazama. Ndipo akawasha. Wanawake wake walibaki nyumbani. Sisi tulikaa naye mpaka jioni. Kesho yake akaokota mifupa na majivu kwenye chungu, akaenda nacho Gulwe kupanda treni. Alikwenda kuyamwaga baharini."

Nilimwuliza kama baada ya hapo watu walimwona tofauti. Alifikiri kidogo. "Tulijua sasa amefiwa hapa," alisema.

Nimelifikiria sana jibu hilo. Kwa Mhindu mto wa kumwagia majivu ni Ganga, lakini Wahindu wa huku walijifunza kutumia maji waliyonayo. Gandhi alipouawa tarehe 30 Januari 1948, sehemu ya majivu yake ililetwa Afrika Mashariki ikamwagwa Jinja, pale Nile inapotoka ziwani. Aliyempiga risasi, Nathuram Godse, alikuwa Mhindu mwenzake, aliyewahi kuwa mwanachama wa RSS, jumuiya iliyoanzishwa Nagpur mwaka 1925 kwa lengo la kuwaunganisha Wahindu kuwa taifa moja. Serikali ya Nehru iliipiga marufuku jumuiya hiyo mwaka ule, na ikaifungulia mwaka uliofuata.

Wachache huku kwetu wanajua kwamba siasa hiyo nayo ilivuka bahari mapema. Mwaka 1947, kabla hata India haijapata uhuru na kugawanyika, wafuasi wa RSS walianzisha Nairobi tawi linalohesabiwa kuwa la kwanza nje ya India, kwa jina la Bharatiya Swayamsevak Sangh. Kwa hiyo ndani ya muda wa mwaka mmoja na ushei Afrika Mashariki ilipokea vyote viwili: mazoezi ya vijana wa taifa la Kihindu, na majivu ya mtu aliyekufa kwa kulikataa taifa hilo.

Mwenye fikra kubwa ya upande wa kwanza alikuwa V. D. Savarkar. Katika kitabu chake cha mwaka 1923 juu ya Hindutva alifundisha kwamba Mhindu wa kweli ni yule ambaye India kwake ni nchi ya baba zake na pia nchi yake takatifu. Mwislamu na Mkristo wa India, kwa kipimo hicho, wana baba India lakini utakatifu wao uko Makka au Yerusalemu, kwa hiyo hawatimii. Sasa kilete kipimo hicho Kibakwe. Baniani wetu alikuwa na Dwarka yake na Kashi yake, na zote ziko ng'ambo ya bahari. Mama yake alizaliwa huko. Kwa hesabu ya Savarkar asingeweza kuwa Mtanganyika hata angeishi hapa miaka mia. Na kwa hesabu hiyo hiyo sisi wenyewe, Waislamu na Wakristo wa Ugogo, tungebaki wageni kwenye mashamba ya babu zetu. Kanuni inayomvika Mhindu taji kule Delhi ndiyo ingemvua uraia huku. Hapo ndipo ninaposhindwa kuikubali.

Na kuna waliotaka kumvua. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru, Bunge la Tanganyika lilijadili muswada wa uraia. Wabunge kadhaa, wa TANU yenyewe, walitaka uraia uwe wa Waafrika kwanza. Hoja yao haikutoka hewani, maana Mhindi alishika biashara, Mzungu alishika dola, na Mwafrika alikuwa mteja na kibarua. Nyerere aliwajibu kwa hasira iliyojulikana nchi nzima. Alisema kuupima uraia kwa rangi ni ubaguzi ule ule waliokuwa wakiupiga vita, akawafananisha na wafuasi wa Hitler, na akaweka wazi kwamba Bunge likiukataa msingi huo serikali yake itajiuzulu. Msingi ukapita. Aliyezaliwa Tanganyika, na mzazi wake mmoja kazaliwa Tanganyika, akawa raia moja kwa moja. Wengine wakapewa miaka miwili ya kuomba. Kwenye sheria ile dini haikuulizwa.

Nyerere alikuwa na sababu ya kuwajua Wahindi kwa undani. Mwaka 1958 aliposhitakiwa Dar es Salaam kwa kuwakashifu maofisa wa serikali, D. N. Pritt alitoka Uingereza kuja kumtetea, na pamoja naye walisimama mawakili wawili wa hapa, K. L. Jhaveri na Mahmud Rattansey wa Tabora. Mmoja Mwislamu, mwingine siye. India na Pakistan zilikuwa zimegawanyika kwa damu miaka kumi na mmoja tu nyuma yake. Pale mahakamani waliketi meza moja. Nyerere alitozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, faini ikalipwa, na kazi ikaendelea.

Hata hivyo Baniani wa Kibakwe aliondoka. Watu wa mijini wakizungumza kuondoka kwa Wahindi hutaja sheria ya mwaka 1971 iliyotaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Nyumba ya tofali mbichi haikuwa na thamani hiyo. Kilichomwondoa ni biashara yenyewe kwisha. Baada ya Azimio la Arusha biashara ya jumla ilishikwa na mashirika ya umma, Operesheni Dodoma ikawahamisha Wagogo kwenye vijiji vya ujamaa, na maduka yakawa ya kijiji. Mwaka 1976 ilipokuja Operesheni Maduka, ya kufunga maduka ya watu binafsi, yeye alikuwa ameshahama. Babu anakumbuka kwamba alikwenda Dodoma kwanza, kisha watoto wakamchukua Ulaya. Kabla ya kuondoka alilichoma daftari la madeni barazani, watu wakitazama. "Wengine walisema amefanya wema," babu alisema. "Baba yangu alisema hana jinsi ya kuyadai." Sioni kwa nini yasiwe kweli yote mawili.

Ulaya kwa Wahindi wa Afrika Mashariki mara nyingi ilikuwa Leicester, Uingereza. Hapo Wagujarati wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, Wahindu kwa Waislamu, walijenga maisha upya kwa kushirikiana, na lugha yao ya utani sokoni ikawa na Kiswahili ndani yake. Septemba 2022, baada ya mechi ya kriketi ya India na Pakistan, vijana wa Kihindu na wa Kiislamu walikabiliana kwenye mitaa ya mji huo huo.

Nilirudi Dodoma na swali langu likiwa zito zaidi, nikaenda kwa rafiki mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ni Mhindu, Mtanzania, mzaliwa wa mji huu. Nyuma ya meza yake kuna picha ya Rais, na pembeni kijimeza chenye Ganesh na Lakshmi, ua la plastiki na ubani. Kila Diwali hufunga hesabu za mwaka na kuweka daftari jipya jekundu mbele ya Lakshmi kabla halijaandikwa neno, ingawa hesabu zenyewe siku hizi ziko kwenye kompyuta. Siku ile ya Januari 2024 alifungua televisheni asubuhi akaitazama ibada ya Ayodhya mpaka mwisho, na hakunificha kwamba alitoa machozi.

"Wewe unaangalia siasa, kaka," aliniambia. "Mimi nilimwona Ram amerudi nyumbani. Waislamu wana nchi nyingi. Wakristo wana nchi nyingi. Mhindu akifukuzwa Lahore au Dhaka aende wapi? Uganda tulifukuzwa wote mwaka 1972. Nani alitupokea?"

Nilimjibu kwamba kumpokea aliyefukuzwa ni haki, na India ingeweza kumpokea Mhindu wa Lahore bila kuandika kwenye sheria kwamba Mwislamu asipokelewe. Nikamkumbusha Bunge la 1961. Akafungua droo, akatoa bahasha, na ndani yake cheti cha uraia cha babu yake cha mwaka 1963, karatasi imekatika kwenye mikunjo na kuungwa kwa gundi ya plastiki. Alikijua kwa moyo. Alisema babu yake aliomba wiki ya mwisho kabla muda haujafungwa, baada ya kubishana na ndugu zake usiku na mchana, na hakuna aliyemwuliza anasali wapi.

"Sasa kule?" nilimwuliza.

Hakunijibu juu ya sheria. Alinieleza habari ya mwanawe, anayesoma Ahmedabad. Kijana alikwenda kutafuta chumba cha kupanga pamoja na rafiki yake wa tangu utotoni, Mwislamu wa hapa hapa Dodoma, waliyeruka naye kwa ndege moja. Mwenye nyumba akauliza dini yao kabla ya kuuliza majina. Kijana akasema wao ni Watanzania. Akaulizwa tena. Akasema yeye ni Mhindu. Yeye akapewa chumba, mwenzake akakataliwa, na mwanawe akapiga simu usiku akilia kwa hasira.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia arudishe funguo," alisema, akiurudisha mkunjo wa cheti ulivyokuwa. "Wamepata nyumba nyingine, mtaa wa mbali na chuo. Kodi yake ni karibu mara mbili. Nusu ninalipa mimi, nusu analipa baba yake yule mwingine."

Mteja akaingia kuulizia nondo za milimita 12, na yeye akanyanyuka kwenda kumhudumia.